Mwanya wa Bi Masouda

Zilibaki siku mbili. Alkhamisi daktari wa meno wa Matrah, hapo Maskati, angeyang'oa meno mawili ya mbele ya Bi Masouda, na katikati ya meno hayo ndipo ulipokuwa mwanya wake uliosifiwa mtaa mzima wa Malindi, Unguja.

"Marehemu mume wangu alinposa kwa mwanya huu," alisema, mdomo kaufunika kwa upindo wa kanga. "Hakuuliza hata kama nnajua kupika."

"Na ulikuwa hujui," Suud, mtoto wa kaka yake, alimtania.

"Kimya wewe!"

Suud alikuwa mpimaji wa zahanati. Kazi alijifunza mwenyewe Unguja, kwa kutazama wakubwa na kusoma vitabu walivyoviacha mezani. Alichukua usaha kidogo kwenye ufizi uliovimba, akaupaka kwenye kigae cha kioo, akautia rangi, akainamia hadubini. Chembe nyeupe za damu zilijaa tele, nyingine zimemeza vijidudu.

"Hawa askari wako," alimwambia. "Wanapigana na vijidudu vya kwenye utando wa meno. Utando usipoondoshwa vita haviishi, na askari huanza kuibomoa nyumba wanayoilinda. Ndiyo maana meno yanalegea. Mswaki unapiga, shangazi?"

"Nliacha. Ramadhani yetu ya mwanzo huku Maskati ufizi ulitoka damu. Nkaogopa nisije nkaimeza, saumu ikaharibika. Kisha nkaona bora niupumzishe."

"Ramadhani ngapi sasa?"

"Tatu."

Suud hakucheka. Alikwenda kumwomba daktari asubiri siku arubaini. Daktari aliukwangua utando uliogeuka jiwe, kilichobaki akawaachia wao.

Kila asubuhi shangazi alikaa kizingitini na mswaki laini na bilauri ya maji ya chumvi. Siku za mwanzo alitema damu. Baina ya kusukutua na kusukutua alihadithia: mama yake akiwapanga kisimani yeye na ndugu zake, hapana aendaye chuoni kusoma Kurani kabla ya kuonyesha meno. Wengine aliowataja Suud hakuwajua, alisikiliza tu.

Siku ya arubaini damu ilikuwa imekata. Kwenye kigae cha hadubini askari walikuwa wachache. Jino moja lilikaza. La pili lilikuwa bado likicheza kidogo, tena limesogea pembeni. Daktari alisema yasing'olewe.

Bi Masouda alijitazama kiooni.

"Mwanya umepanuka, Suud. Marehemu angeliupenda hivi?"

"Angelikuposa mara mbili."

Alicheka, na mara hii kanga ilibaki begani.