Noi wa Stesheni ya Saphan Makok
Wivu wangu una miaka arobaini, na siuonei haya.

Zamani stesheni yetu ilikuwa jukwaa la mbao, kengele, na mume wangu Sawaeng, mkuu wa stesheni. Sasa metro inapita juu yake, abiria wanateremka kwa ngazi za umeme kuja kupanda treni yetu kuukuu, na kwenye ujia unaounganisha mbili hizo wakubwa wameamua kuweka historia ya mahali ukutani.

Wakamtuma binti mmoja, Pimdao. Alikuja nyumbani na kanda aliyorekodi marehemu mume wangu alipokaribia kustaafu.

"Shangazi, hebu sikiliza hapa," akasema.

Sauti ya Sawaeng ikajaa sebuleni. Alikuwa anasimulia mwaka wa mafuriko, daraja la mfereji lilipotitia na treni ya asubuhi iko njiani. "Noi akakimbia relini na kitambaa chekundu, akaisimamisha. Nilimwona. Noi, peke yake, maji magotini."

"Kila ninayemuuliza ananiambia Noi," Pimdao akasema. "Noi yupi? Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna anayelijua."

Huku kwetu mtu huitwa jina la utani tangu utotoni, na kina Noi, yaani Kadogo, tulikuwa wawili pale stesheni: mimi, na yule muuza kuku wa kuchoma na wali wa kunata. Siku ile mimi nilikuwa nyumbani, nimepanda juu ya kabati na mtoto wangu. Tena Sawaeng hakuniita Noi hata siku moja tangu tuzae. Aliniita Mama. Hilo Noi la kwenye kanda, lililotamkwa polepole vile, halikuwa langu. Roho iliniuma.

"Ni mimi," nikasema.

"Nilijua tu," akasema Pimdao, akanipiga picha.

Wakaibandika, kubwa, na chini yake kitufe cha kusikilizia sauti ya Sawaeng. Siku ya kwanza nilivaa hariri nikaenda kujitazama. Nikamkuta mwenzangu yupo, beseni la kuku kiunoni.

"Dada, umetoka vizuri," akasema. "Ila umekimbia lini wewe, na maji unayaogopa hata ya kuoga?"

"Nenda kashtaki."

"Nishtaki nini? Picha chukua. Sura yangu naijua."

Akabonyeza kitufe, akafumba macho. Sawaeng alipofika kwenye lile jina, akatabasamu. Akabonyeza tena.

Sasa huja kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa. Mimi hukaa benchi la mkabala, nikisubiri aondoke. Akishaondoka, nami huenda nikabonyeza. Nasikiliza mpaka mwisho, huenda kuna mahali amesema Mama. Hakuna.