Pete ya Mpira Chini ya Dari

Jambo ambalo hakuna aliyelitambua mapema, hata mwenye kuisimulia habari hii, ni kwamba kandambili za Mama zilikuwa hazichakai. Alizivaa tangu nyumba yake ilipouzwa, akazipitisha katika sebule za watoto wake wote watatu, na bado mistari ya soli ilisimama kama siku zilipotoka dukani. Wageni walizivuka mlangoni wakaona ni kandambili tu.

Nyumba iliuzwa mumewe alipofariki. Mwanawe mkubwa, ambaye ni mpima ardhi na hata nyumbani huitwa Mpimaji, ndiye aliyetoa pendekezo, nalo lilikuwa limenyooka kama kamba ya kazini kwake: fedha za nyumba zigawanywe kwa watoto, na mama naye agawanywe, miezi minne kwa kila mmoja, asije mtu akasema ameonewa. Wote waliafiki. Mama hakuulizwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akijadiliwa.

Zamu ya Mpimaji ilipofika, Mama alitandikiwa kochi la sebuleni, kati ya dirisha na tangi la samaki. Sanduku lake lilisimamishwa nyuma ya mlango. Hakulipakua, maana nguo zilizopangwa kabatini hudai kupanguliwa. Jioni ya kwanza aliomba kitu kimoja: msumari ukutani, atundike gauni lake.

"Ukuta umepakwa rangi juzi, Mama," akasema Mpimaji, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipigilia vigingi katika viwanja vya watu. "Tutaona."

"Haya, baba. Tutaona."

Siku hizo Mpimaji alikuwa akihangaika na tangi lake. Alitaka kuotesha mimea inayoelea, ile midogo yenye majani ya mviringo yanayolala juu ya maji na mizizi inayoning'inia chini kama ndevu. Mafungu mawili ya kwanza yaligeuka manjano, yakaoza. Kifuniko cha kioo alikuwa amekibana, mvuke ukajikusanya na kuyadondokea majani. Pampu nayo aliifungulia mpaka mwisho, akiamini kuwa maji yaendayo kasi ndiyo yenye afya, na mimea ikazungushwa mchana kutwa bila kutua. Baadaye akafahamu. Akaacha mwanya kwenye kifuniko, akaipunguza pampu, akakata kipande cha mpira mwembamba wa maji na kuziunga ncha zake kuwa pete. Pete akaiweka ielee pembeni, penye mwanga wa dirisha, na mimea akaiweka ndani yake. Haukupita muda pete ikajaa kijani.

"Siri yake ni hii," aliwaeleza wakati wa chakula. "Mmea wenye udongo ukisukumwa huvumilia. Usio na udongo, ukiuhamishahamisha unakufa. Hauna pa kushika ila pale ulipo."

"Umesema kweli, baba," akasema Mama.

Mkewe Mpimaji, ambaye ni mwalimu na kwa hiyo huitwa Mwalimu, aliomba apewe chumvi.

Mimea iliposongamana, Mama alimsaidia mwanawe kuipunguza, samaki wa chini wasikose mwanga. Alikuwa na mkono mwepesi. Aliushika mmea kwa vidole viwili, akaukung'uta, akaulaza katika ndoo.

"Na hii tunayoitoa inakwenda wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Na ndoo?"

"Shimoni, Mama. Ni majani tu."

Asubuhi moja Mwalimu alikuwa akifagia sebule. Alipofika kwenye kochi alisema, kama ilivyo desturi yake, "Mama, inua miguu kidogo." Miguu ilikuwa imekwisha kuinuka, na Mama pia, shubiri moja juu ya mto wa kochi. Mwalimu akapitisha ufagio chini yake na kumshukuru. Kufikia mchana alikuwa usawa wa meza. Jioni Mpimaji aliporudi alimkuta karibu na dari, mikono mapajani, akitazama dirisha kwa pembe ambayo hakuwahi kulitazamia. Kandambili zilikuwa zimemdondoka, na Mwalimu alikuwa amezisogeza kizingitini. Nyayoni mwake mlikuwa mmeota mizizi, myeupe na laini kama nyuzi za kushonea, ikining'inia na kupapasa hewa.

"Mama, unajisikiaje?"

"Salama. Ila mizizi inaingia katika chai ya mkeo."

"Si neno," akasema Mwalimu, akahamisha kikombe.

Joto lilizidi, feni ya kusimama ikawashwa. Upepo wake ulimpeleka Mama kutoka dirishani hadi kabatini, na kutoka kabatini hadi mlangoni, akigonga bega na kuliomba kabati radhi. Kila alipokaribia kutua, feni iligeuza shingo ikamrudisha. Siku ya tatu weupe wa macho yake uliingia umanjano, na ncha za vidole zikalainika. Mpimaji alimtazama kwa muda, akazitambua dalili. Hakuna aliyejua kuliko yeye maana ya kitu kinachoelea kugeuka manjano.

Akaizima feni. Akanunua mpira wa maji, akauunga kuwa pete ya upana wa mtu aliyekaa, akatoboa dari pembeni mwa dirisha na kufunga kulabu nne za kuishikilia. Dari ilikuwa imepakwa rangi siku moja na ukuta, lakini hilo halikutajwa. Mama aliingizwa ndani ya pete, akatulia. Umanjano ukamtoka. Mizizi ikarefuka ikapita kochi, ikaupata ule mwanya wa kifuniko, ikashuka tangini. Samaki wakafanya makazi humo. Maji yakawa safi kiasi kwamba Mwalimu aliacha kuyabadilisha, akapata nafasi ya kusahihisha madaftari.

Wenzake Mpimaji kazini walikuja kutazama kazi ya mikono yake. Mmoja, mtani wake wa siku nyingi, alizunguka chini ya pete akiikagua.

"Bwana wee, mama umempimia kiwanja hewani! Hati yake inatoka lini?"

Wakacheka wote, na Mama juu huko akacheka.

"Usimtanie," akasema. "Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe ninalo. Kiwanja ndicho walichokiuza."

Wakacheka tena, ila si kwa muda mrefu.

Zamu ilipokaribia mwisho, Mama alimsubiri mwanawe amalize kuwalisha samaki.

"Mwanangu, safari hii niache hapahapa. Sidai kitanda. Hata ule msumari sidai tena. Nimeshika."

"Mama, tulikubaliana. Nikikubakiza, wenzangu watasema nimewadhulumu. Haki ni kila mtu apate sehemu yake."

"Na yangu ni ipi?"

Mpimaji akalitafakari swali hilo kwa makini, kama anavyolitafakari kila jambo la mipaka.

"Wewe unapata zote, Mama."

Dada yake, ambaye ni nesi, alikuja siku iliyopangwa, bado amevaa sare ya kazi. Alisimama katikati ya sebule akaangaza huku na huku, kisha akainua uso.

"Shikamoo, Mama. Mbona uko juu?"

"Marahaba, mwanangu. Huku ndiko penye nafasi."

"Wifi, hamkuniambia. Kwangu dari ni fupi."

"Atakaa kwa kujikunja," akasema Mwalimu. "Hana makuu."

Mpimaji akampa dada yake maelekezo, akiyasema polepole. "Feni usiwashe. Kichwa kisilowe kamwe. Mizizi isikauke. Na umpe mwanga wa dirisha."

"Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, kaka."

"Basi mpe taa."

Alipanda juu ya kiti, akaivuta mizizi kutoka tangini uzi kwa uzi, bila kukata hata mmoja. Samaki mdogo alitoka akiwa amenasa. Mama akainama, akamnasua na kumrudisha majini. Mpimaji akaikunja mizizi ndani ya taulo lililoloweshwa, taulo akalitia katika mfuko wa plastiki, akaanza kuufunga kwenye vifundo vya miguu yake. Mkono wake ulikuwa na uangalifu ambao dada yake, aliyefunga vidonda vingi, aliusifu.

"Ulisema kisicho na udongo hakihamishwi," akasema Mama.

"Nilisema, Mama."

Akalikaza fundo, akalijaribu kwa kidole, likawa imara.

Tangu siku hiyo kumhamisha Mama kumekuwa jambo jepesi. Gari halikodiwi tena. Yeyote ambaye zamu yake imefika humshika mkono mmoja, mkono wa pili akabeba pete, na kulabu huachwa zilipo kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Kwa kitindamimba, ambaye amepanga na mwenye nyumba hataki dari itobolewe, hufungwa kwa kamba kwenye kitasa cha mlango. Sanduku bado liko nyuma ya mlango kwa Mpimaji, na kandambili zilibaki hapo kizingitini. Maji ya tangi yamerudi kudai kubadilishwa, na Mwalimu huzivaa anapobeba ndoo kwenda shimoni. Soli zimeanza kulika.