Tangi Mbele ya Dirisha la Bi Sindano

Tangi lenyewe lilikuwa jeusi, la lita elfu mbili, limepandishwa juu ya matofali mbele ya dirisha la Bi Sindano, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono kutoka ndani ulilipapasa tumbo. Mwenye tangi alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, karani mstaafu wa masijala, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Utaratibu. Hata kuku wa watu akiingia uani kwake, alitaka kwanza aandikiwe barua.

Bi Sindano alikuwa fundi wa kutarizi. Kwa miaka arobaini na miwili alikaa kwenye kiti kimoja, ubavuni mwa dirisha moja linalotazama mawio, akitia maua na majani kwenye shuka, foronya na vitambaa vya meza. Taa ya umeme hakuipenda. Taa ni mwongo, alikuwa akisema. Chini ya taa, uzi wa kijani kibichi na uzi wa bluu nzito ni ndugu wa tumbo moja, lakini watoe juani uone kama wanajuana hata kwa salamu.

Basi tangi lilipokuja, chumba kikawa kama ndani ya chungu. Bi Sindano akawasha taa, akajitahidi. Wiki haijaisha, mteja akarudi na foronya zake mbili. Hakupayuka. Alizitandaza pale mlangoni penye mwanga, akauliza kwa upole, "Mama, huu mzabibu umeugua nini?" Nusu ya majani yalikuwa ya kijani, nusu ya bluu. Mteja akakunja vitu vyake akaenda kwa fundi mwingine, na Bi Sindano akabaki amesimama na utepe wa kupimia shingoni. Miaka yote ile hajawahi kurudishiwa kazi, hata leso. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Na akajua kwamba foronya mbili nyingine kama zile zikitoka mikononi mwake, jina lake limekwisha, na mtu wa miaka sabini hapati muda wa kutengeneza jina jipya.

Akaenda kubisha hodi kwa jirani. Mara ya kwanza aliambiwa litaangaliwa. Mara ya pili Bwana Utaratibu alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema, "Mama, tusije tukakoseana heshima hapa barazani. Jambo hili liende rasmi. Siku hizi kuna usuluhishi wa mtandaoni, wala huhitaji mahakama."

"Mtandao wa nini, mwanangu, na tangi naliona kutoka hapa niliposimama?"

"Ndio utaratibu, mama."

Mkamwana wa Bi Sindano, ambaye ni muuguzi, alikuwa na siku yake ya mapumziko. Alikaa naye mezani, akafungua simu, akaanza kujaza fomu. Jina, anwani, aina ya mgogoro, vyote vikapita. Wakafika penye swali: mlalamikaji anadai nini? Chini yake kulikuwa na visanduku vya kuchagua. Fidia. Kuombwa radhi. Kurudishiwa mali.

"Mwanga haumo, mama," mkamwana akasema.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Kuna 'Mengineyo' hapa mwisho."

Wakabonyeza hapo. Bi Sindano alikaa na neno hilo kifuani siku nzima, kama punje ya mchele iliyokwama kooni. Kazi ya miaka arobaini na miwili, leo imeitwa mengineyo!

Kikao kilipangwa saa nne asubuhi. Mkamwana aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, na msuluhishi akatokea, binti mwenye hedifoni na sauti laini ya kumlaza mtoto. Ubavuni mwake, kwenye kidirisha kingine, alikuwa Bwana Utaratibu, shati jeupe, tai ya bluu, faili mbele yake. Mtu unayetengana naye kwa tofali moja, amekuwa mdogo kama picha ya kitambulisho.

"Karibuni nyote," msuluhishi akaanza. "Hapa hakuna mshindi wala mshindwa."

Bwana Utaratibu akashukuru, na hapo balaa likaanza, kwa sababu sauti yake ilifika mara mbili. Kwanza ilipenya ukutani, halafu ikatoka kwenye simu, kisha simu ya Bi Sindano ikaimeza tena na kumrudishia mwenyewe.

"Kuna mwangwi," msuluhishi akasema. "Mlalamikaji, samahani, nitakuzima sauti kidogo."

Na akamzima. Bi Sindano alifungua mdomo akaongea, akaona hakuna anayegeuka. Akamtazama mkamwana.

"Nimezaa watano, nimezika mume," alisema. "Katika wote hao hakuna aliyewahi kunizima kwa kidole."

"Vumilia, mama, atakufungua."

Alifunguliwa baada ya jirani kumaliza kusoma kurasa tatu. Akaeleza habari ya dirisha, msuluhishi akainamisha kichwa upande.

"Lakini, mama, mbona huku naona chumba chako kina mwanga wa kutosha?"

"Simu inajing'arishia yenyewe," mkamwana akadakia. "Humu ndani ni giza, dada."

"Iandikwe," akasema Bwana Utaratibu, "kwamba kamera imeona mwanga. Hata hivyo, kwa ujirani mwema, niko tayari kumpa mlalamikaji taa. Ile kali, ya shingo ndefu."

Uso wa msuluhishi ukachanua. "Hilo ni pendekezo zuri sana. Kila mmoja anaondoka na kitu. Mama, nikutumie maandishi ubonyeze 'Nakubali'?"

Hapo Bi Sindano alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni taratibu, akaivaa tena. Waliomjua wangejua kwamba hiyo ndiyo hasira yake.

"Binti yangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwambie huyo bwana aje akae kwenye kiti changu."

"Kanuni ya sita," jirani akasema, kwanza ukutani, halafu kwenye simu. "Wahusika wasikutane nje ya kikao."

"Basi kikao kije huku. Simu yako si inabebeka?"

Msuluhishi akasoma kitu pembeni. "Kanuni haijasema chumba kiwe cha nani," alisema mwishowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kumlaza mtoto.

Dakika mbili baadaye hodi ikabishwa. Bwana Utaratibu aliingia na simu mkononi, shati na tai juu, na chini bukta ya kulalia na ndala za bafuni. Mkamwana aligeukia ukutani akajifanya anakohoa.

"Keti," Bi Sindano akamwambia. Akammwagia mezani roli kumi za uzi, akaivuta taa mpaka karibu na pua yake. "Nichagulie mbili za kijani kibichi. Usiharakishe. Mimi huchagua mia kwa siku."

Bwana Utaratibu hakuharakisha. Aliinua moja moja, akaishusha miwani, akaipandisha, akazipanga roli kama majalada. Mwishowe akashika mbili.

"Hizi hapa. Nathibitisha."

"Umethibitisha?"

"Nimethibitisha, mama. Hata msuluhishi anaziona."

"Kwangu zinafanana kabisa," msuluhishi akasema.

"Twendeni nje."

Wakatoka uani, simu mbili na watu watatu. Jua la saa tano lilikuwa limesimama sawasawa. Bwana Utaratibu akafungua kiganja. Uzi mmoja ulikuwa wa kijani, wa pili bluu, na hapakuhitajika mtu kusema. Msuluhishi ndiye aliyeguna.

"Labda ni macho yangu," jirani akasema polepole.

"Macho yako yana miaka hamsini na tisa na miwani mpya. Yangu yana sabini. Sasa niambie hiyo taa ya shingo ndefu nitaifanyia nini, niichekee?"

Jirani aliziweka roli mkononi mwa Bi Sindano, kila moja peke yake, akasema anarudi chumbani kwake ili atoe msimamo kwa utaratibu. Na kweli alirudi, akaketi, akanyoosha tai, akatangaza kwamba upande wa pili umeridhia kulihamisha tangi mpaka nyuma ya jiko lake.

Ungedhani yamekwisha. Msuluhishi akaandika, akasoma: tangi litahamishwa ndani ya siku thelathini.

"Thelathini za nini?" Bi Sindano akauliza.

"Ndio muda wa kawaida, mama."

"Kawaida ya nani? Kuliweka kulichukua asubuhi moja, nikiwa ndani, nikiona dirisha langu linafunikwa kama sufuria. Mimi ndiye niliyefunikwa, mimi ndiye niliyefungiwa mdomo, na leo haki imepatikana, mimi ndiye wa kukaa gizani mwezi mzima nikiwasubiri? Hapana. Sibonyezi."

"Mama, usipobonyeza, faili linafungwa."

"Lifunge. Kesho nafungua jingine. Kesho kutwa jingine. Mkamwana wangu yuko likizo."

Mkamwana hakuwa likizo, lakini hakumkanusha. Nyuma ya ukuta kiti kikalia. Bwana Utaratibu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katikati ya mafaili, na alijua uzito wa mtu anayerudi kila siku.

"Jumamosi," akasema. "Jumamosi hii, asubuhi."

Bi Sindano akataka sentensi yote isomwe upya, kwa sauti, neno kwa neno, na neno dirisha litajwe. Likatajwa. Ndipo akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Jumamosi mafundi bomba wawili walikuja mapema. Walimwaga maji, wakaegemeza tangi, wakaliviringisha hadi nyuma ya jiko, na uji wa Bi Sindano ulikuwa bado wa moto. Yeye hakutoka kuwatazama. Alikaa kwenye kiti chake, na kadiri tangi lilivyosogea ndivyo mwanga ulivyoingia, kwanza kwenye goti, halafu mikononi, halafu mezani kote. Nyuzi zikaachana, kila mmoja na rangi yake. Akachukua kitambaa kipya, akatia jani la kwanza.

Muda si muda, mtu akaja akasimama dirishani, bila tai.

"Shikamoo, mama."

Tangu tangi liwekwe alikuwa hajamwamkia. Bi Sindano alivuta uzi mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Marahaba."

Jirani akaegemea kizingiti, akanyoosha shingo kuchungulia kazi, kama mtu mwenye neno na asiyejua pa kulianzia.

"Hilo jani la kijani, mama, kweli limetulia."

"Nami ningependa kuliona," alisema Bi Sindano bila kuinua kichwa. "Sogea. Umesimama kwenye mwanga wangu."