Mapipa ya Karwirwa

Kitu cha kwanza alichokiona Kanana ni mabuti ya mpira. Pale kijijini Mitunguu mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano, njia ilikuwa vumbi tupu, lakini wanaume sita walioshuka kwenye gari la serikali walivaa mabuti hadi magotini. Mtu havai hivyo kwa ajili ya vumbi. Huvaa hivyo akijua atakanyaga majimaji.

Kanana hakuwa mtu wa kusema. Aliendelea kubandika lebo kwenye chupa za divai, ila sasa zilikaa upande.

Mama yake, Karwirwa, alitoka kibandani akijifuta mikono kwa leso. "Karibu, Chifu. Leo mmekuja wengi!" Akamgeukia Kanana. "Leta viti."

Hakuna aliyekaa.

Wiki nzima redio ilikuwa imetangaza amri ya kumwaga pombe zote hatari. Jirani yao Karimi, ambaye naye alitengeneza divai ya ndizi, alizika madumu yake katikati ya migomba, kisha akaja kumsihi Karwirwa afanye vivyo hivyo.

"Mimi nimeficha miaka ishirini," Karwirwa alimjibu. "Nimeficha hadi kwenye shimo la choo. Sasa nina leseni. Mwenye leseni anaficha nini?"

"Haya, ivae shingoni basi, askari wakuone vizuri."

Walicheka wote wawili.

Nyanya yake Kanana alipikia klabu ya pombe iliyokuwa na kibali, miaka ya mwanzo ya uhuru. Baadaye vilabu vikafungwa, pombe ya kienyeji ikapigwa marufuku, na kazi iliyomlisha nyanya ikawa kosa mikononi mwa Karwirwa. Alipika kando ya mto, akakimbizwa, akashikwa. Mara ya mwisho alifungwa miezi mitatu, na Kanana, aliyekuwa darasa la sita, akabaki nyumbani kuwalea wadogo zake. Hakurudi shule tena.

Halafu mwaka wa elfu mbili na kumi ikaja sheria mpya: tengeneza, lakini uwe na leseni, utie kwenye chupa ya kioo, ubandike onyo. Karwirwa hakujua kusoma, lakini sheria ile aliishika kama sala. Hakumuuzia mtu kabla ya saa kumi na moja jioni, hata shemeji yake. Leseni aliitia kwenye fremu aliyoiondolea picha ya harusi yake. Kwa miaka mitano alilala bila kusikiliza mbwa wa nje.

"Mama Kanana," Chifu alisema akiangalia chini, "amri imetoka juu."

"Na leseni ilitoka wapi? Chini?"

Askari mmoja alicheka. Chifu hakucheka.

"Zimesimamishwa zote."

"Chifu, hizi ni ndizi. Wewe mwenyewe ulikunywa kwenye posa ya kijana wako, ukaomba uongezewe."

"Tafadhali, mama. Usinifanyie hivyo."

Karwirwa aliingia ndani. Akarudi na ufunguo wa stoo, akawapa, wasije wakavunja mlango. Kisha akaitoa ile fremu ukutani na kusimama nayo kifuani huku mapipa yakiangushwa, moja baada ya jingine, yote saba. Divai ya rangi ya chai isiyo na maziwa ilitiririka hadi kwenye migomba. Nyuki wakaja. Harufu ilikuwa tamu kiasi kwamba Kanana alitamani kuziba pua.

Ofisa mmoja alimnyooshea kidole. "Na huyu? Ana lebo mkononi. Apande gari."

"Huyu simjui," Karwirwa alisema upesi. "Alikuja kuomba maji."

Chifu, aliyemjua Kanana vizuri, aligeuza uso pembeni. Kanana alifungua mdomo. Mama yake alimkazia macho, naye akaufunga. Gari likaondoka na Karwirwa.

Alirudi siku ya tatu, mchana, bila fremu. Kanana alimpa uji. Karwirwa alikunywa polepole, akiangalia udongo uliokuwa bado unanata pale uani.

"Sitatengeneza tena," alisema. "Sasa hata nikiambiwa ni halali, nitaamini vipi?" Kisha akajaribu kutabasamu. "Lakini niliwaweza, si ndiyo? Eti simjui! Na nimekuzaa mimi mwenyewe."

Kanana hakutabasamu. Alichukua kikombe kitupu mkononi mwa mama yake, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "ile siku nikiwa darasa la sita, walipowapitisha mbele ya shule yetu, mmefungwa kamba na wale wanawake wengine, mwalimu aliniuliza kama wewe ni mama yangu. Nikamwambia sikujui. Wewe umesema hivyo kuniokoa. Mimi niliona aibu tu."