Kengele ya Kiti cha Mbele

Majirani wananiita Trafiki. Sijawahi kuvaa sare maishani mwangu, mimi ni fundi wa majokofu, lakini nikimwona mtu anakata kona bila kuwasha kiashiria siwezi kunyamaza. Nashusha kioo, namweleza. Mke wangu alikuwa akisema siku moja nitang'olewa meno barabarani na nitarudi nyumbani nimefunzwa adabu.

Nimeona mengi nyuma ya usukani. Mwenye gari jipya huogopa mikwaruzo, mwenye gari bovu huogopa miteremko. Anayepiga honi taa ikigeuka kijani kabla hujatoa hata mguu kwenye breki, huyo nyumbani kwake hasikilizwi. Na anayebandika "Mungu Nilinde" kwenye kioo cha nyuma, kaa naye mbali, maana kazi yote kamwachia Mungu.

Halafu napenda vidude. Gari langu lina kamera ya mbele inayorekodi barabara, kamera ya kurudi nyuma, kipimo cha upepo wa matairi, na yule mwanamke wa kwenye ramani anayeniamuru nigeuke baada ya mita mia mbili. Sauti ya kamera niliizima tangu mwanzo kwa sababu ya matusi yangu mwenyewe. Kwa hiyo picha za siku ile zipo, barabara na lori, lakini maneno ya mwisho ya mke wangu hayapo popote isipokuwa kichwani mwangu.

Mke wangu hakuwa mkaidi. Nataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa na kawaida yake tu. Akiingia garini aliweka mkoba miguuni, akatafuta miwani, akaikuta kichwani, kisha akaanza habari za dada yake. Mkanda hakuugusa. Gari likifika spidi ishirini, kabla ya mzunguko wa karibu na kwetu, taa nyekundu ya mkanda ilianza kumwekamweka na kengele ikafuata: ting, ting, ting. Hapo ndipo mkono wake ulipokwenda begani kuvuta mkanda.

"Mama mkwe kaanza," alisema. "Nimesikia, mama, nimesikia."

Miaka tisa, kila safari. Sikuwahi kumkumbusha, kwa sababu kengele ilikuwapo.

Wiki moja kabla ya ajali nilikuwa nabeba kompresa za majokofu kwenye kiti cha mbele, maana nyuma kulijaa mabomba. Kompresa ina uzito wake, na gari likaidhania mtu. Kengele ikanipigia mji mzima. Nikaenda duka la vipuri nikanunua ulimi wa bandia. Ni kipande cha chuma tu, sawa na kile cha kwenye ncha ya mkanda, ila hakina mkanda. Unakichomeka kwenye kifungio, gari linaamini abiria kafunga, linanyamaza. Mimi, Trafiki, ambaye ningemwona mwingine nacho ningemshushia kioo na kumtukana mpaka kwao, nilikichomeka na kujiona mjanja.

Jumamosi asubuhi niliteremsha kompresa. Ulimi nikausahau palepale.

Mke wangu akaingia. Mkoba, miwani, habari za dada yake. Tukapita spidi ishirini, tukaupita mzunguko, tukashika barabara kubwa. Mbele yetu palikuwa na pikipiki iliyobeba godoro limekaa mshazari, nami nilikuwa nikimsomea yule dereva risala ndefu ambayo hakuisikia. Katikati ya risala hiyo mke wangu akacheka.

"Leo mama mkwe kanyamaza," alisema. "Naona hatimaye kanikubali."

Nilimsikia. Sikumjibu. Niliipita pikipiki kwa hasira, na nyuma ya lile godoro palikuwa na lori limeharibika, limesimama bila hata tawi la mti la kuonya watu.

Mfuko wa hewa ulifumuka upande wangu na upande wake. Wangu ulinikuta nimefunga mkanda, ukanipokea. Wake ulimkuta anakuja mzima mzima, na mfuko bila mkanda ni mlango unaokufungukia usoni. Alikuwa ameinamisha kichwa, kimya. Na mkono wangu, huu wa kulia ninaoulia chakula, ulikwenda kwenye kifungio kabla haujakwenda kwake. Nilichomoa ule ulimi nikautia mfukoni. Ndipo nikamshika mke wangu.

Binti yetu ni muuguzi. Alikuja hospitali mbio akiwa bado na sare ya kazini, na swali lake la kwanza lilikuwa lile nililoliogopa.

"Alikuwa amefunga mkanda?"

"Nilimwambia," nikasema. "Akakataa. Si unamjua mama yako."

Uongo ule ulitoka mwepesi kama salamu. Binti yangu hakulia. Alikaza taya, akatikisa kichwa, na mazikoni pia hakulia.

Gari lilitengenezwa. Kiti cha mbele kilibadilishwa, kioo kikabadilishwa, mikanda yote mipya. Siku ya kwanza nilipolitoa gereji nilikuwa peke yangu, kiti kitupu, hata gazeti halikuwapo juu yake. Kabla ya mzunguko, spidi ishirini: ting, ting, ting.

Fundi wa umeme tunamwita Kimya, kwa sababu mdomo wake haujapata kufungwa. Alichomeka mashine yake ya kupimia, akaitazama, akakuna kidevu.

"Mzee, hapa hakuna kosa. Mashine inasema kiti hakina mtu na kengele haina sababu ya kulia."

"Mbona inalia?"

"Magari nayo yana mashetani yake. Ngoja niikate kabisa."

Akaukata waya chini ya kiti mbele ya macho yangu, akaufunga kwa utepe mweusi. Kesho yake, spidi ishirini, ikalia. Niliporudi, Kimya alicheka, akaniambia kwa nia njema kabisa, "Basi nunua ule ulimi wa bandia, uchomeke. Kwani utapungukiwa nini?" Nilimtukana vibaya. Hadi leo hajui kosa lake.

Miezi ya kwanza niliogopa. Nilipita njia ya nyuma, nikaenda spidi kumi na tisa huku magari yakinipigia honi, mimi niliyekuwa nikiwacheka wazee wanaoendesha hivyo. Baadaye nikachoka kuogopa, nikaanza kuijibu. Ikilia nasema, "Nimesikia." Hunyamaza baada ya hapo. Sijui kwa nini, wala sikumwuliza mtu.

Ulimi wenyewe sikuutupa. Uko kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, nimeuviringisha kwenye kitambaa cha kufutia kioo.

Jumamosi iliyopita, mwaka mmoja umetimia, binti yangu alinipigia simu nimpeleke hospitalini kwake. Kulikuwa na siku ya usalama barabarani, na yeye alikuwa amechaguliwa kuzungumza. Alikuja na mabango makubwa yakajaa kiti cha nyuma, mahali anapokaa tangu tumzike mama yake. Ikambidi akae mbele. Akafunga mkanda kabla hata sijawasha gari, akauvuta mara mbili kuhakikisha.

"Utasema nini?" nikamwuliza.

"Habari ya Mama. Kwamba ukaidi ndio uliomuua, akakuacha wewe mpweke na mimi yatima. Huwa nawaambia hata wagonjwa wodini, Baba. Wanasikia vizuri ukiwapa mfano wa mtu wako."

Spidi ishirini. Ting, ting, ting.

"Nimefunga," alisema, akiushika mkanda. "Gari lako linataka nini?"

Sikuweza kusema "nimesikia" mbele yake. Kengele ikaendelea. Binti yangu alianza kupekua kisanduku akitafuta kitabu cha gari, na mimi nilimwona anachukua kile kitambaa, ningeweza kumzuia, sikumzuia. Niliegesha kando, baada tu ya mzunguko.

Alikigeuzageuza kile chuma. Wauguzi wanaopokea majeruhi wanakijua.

"Kilikuwa kimechomekwa siku ile," nikasema. "Mimi nilikichomeka, kwa ajili ya kompresa. Mama yako alikuwa akisubiri kengele, na kengele nilikuwa nimeiziba. Sikumwambia afunge mkanda. Hakukataa. Hakukataa kitu, mwanangu."

Kengele ilikuwa imenyamaza. Sikumbuki ilinyamaza saa ngapi.

Alikiweka kile chuma pajani. Nilitaka apige kelele, hata anipige.

"Mwaka mzima nimemkasirikia Mama," alisema mwishowe. "Nimesimama juu ya kaburi lake nikamwambia ameyataka mwenyewe. Na wewe ulikuwa ubavuni kwangu, Baba. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

Alifungua mkanda, akatoa mabango nyuma, moja moja, bila kunitazama. Nikamwambia hospitali bado mbali. Akasema atatembea. Nikamwuliza atawaambia nini watu.

"Kweli," alisema. Ule ulimi aliutia mfukoni mwa sare yake, akafunga mlango polepole, kama wanavyofunga milango ya wodi. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akienda, mabango kwapani, bega likianza kutikisika. Alikuwa analia. Mwaka mzima ulikuwa unamtoka pale kando ya barabara, nami sikuwa na haki ya kumfuata.

Niligeuza gari kurudi nyumbani. Spidi kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Kiti kitupu, taa imezimika, kimya. Nikapunguza mwendo, nikaongeza tena. Nikasema kwa sauti, "Nimesikia," lakini hakukuwa na kitu cha kujibu. Nikauzunguka ule mzunguko mara ya pili, na ya tatu, watu wakinipigia honi, sikio langu liko kwenye kile kiti, nikiisubiri kengele ilie kama alivyoisubiri yeye.