Utumbo Uliolala

Utumbo ukiguswa na mikono ya mpasuaji hulala. Jambo hilo limo katika vitabu vya tiba, nami nililisoma miaka mingi kabla utumbo wangu mwenyewe haujajisokota kama kamba ya mbuzi aliyefungwa mtini, na Daktari Bisharo akalazimika kukata kipande kilichokufa na kuziunga ncha mbili zilizobaki. Utumbo mwembamba huamka mapema. Utumbo mpana huchelewa kuliko viungo vyote, na dalili ya kuamka kwake ni moja, isiyotajwa mezani: hewa hupita.

Yangu haikupita. Tumbo liliumuka chini ya shuka. Daktari akanieleza bila kuzungukazunguka kwamba hali ikiendelea hivyo hadi jioni, atanifungua tena, na kwamba moyo wangu huenda usistahimili dawa ya usingizi mara ya pili.

Dawa ya maumivu ilikuwa ikiingia mkononi kwa mrija. Nje ya dirisha la wodi, ukungu ulikuwa umeufuta mlima, ukaanza kuufuta mji wa Nyeri, paa baada ya paa. Nikaanza kutembea ndani yangu. Nilishuka umio kama mtu anayeshuka mteremko wa Othaya baada ya mvua, kuta laini zikijifumba nyuma yangu. Nikavuka ziwa kali la mfuko wa tumbo, nikapita pale nyongo inapodondoka, kijani kibichi kama chai isiyochumwa, hadi nikaifikia njia ndefu ya utumbo mwembamba, kona baada ya kona, kila kona ikining'inia kwenye pazia jembamba la mishipa. Sakafu ilikuwa na vinyweleo vilivyolala upande mmoja, kama nyasi zilizosahauliwa na upepo. Ndoto si ushahidi, wala sikuichukulia hivyo. Hata hivyo niliendelea kutembea, nikitaka kujua kama humo ndani kulikuwa na yeyote aliye macho.

Mbali sana, upande wa utumbo mpana, ukuta mmoja ulijikunja kama wimbi.

"Baba Nyawira."

Nilifumbua macho. Watiri, mama mzazi wa mke wangu Warigia, alikuwa ameketi kando ya kitanda, koti lake bado limelowa.

"Warigia ameenda kuongea na daktari," alisema. "Ati hiyo tumbo imekataa kuamka?"

"Bado imelala, Mama."

"Si ni yako? Hata wewe ukilala huamshiki. Msichana wangu aliniambia hiyo kitambo."

Tangu nilipomwoa binti yake, sijapata hata kukohoa mbele ya mama huyu bila kugeuka kando. Kwetu, mtu hajiachii mbele ya mama mkwe. Siamini laana, siamini ndege wa usiku, wala siamini nusu ya yanayosemwa mazishini. Hilo moja sikuwahi kulihoji.

Ndipo lile wimbi nililoliona likafika.

Mwisho wa njia ya chakula kuna malango mawili. La ndani hujifungua lenyewe. La nje hutii hiari. Tangu tonge linapomezwa, mwenye tumbo hana amri yoyote hadi hapo. Mwishoni kabisa, anaulizwa. Lango la ndani lilifunguka, nikaulizwa, nikajibu hapana. Kumwomba mama atoke kungekuwa sawa na kumweleza sababu.

Daktari aliingia pamoja na Warigia. "Hewa imepita?"

"Bado," nikasema. Ulikuwa ukweli.

"Basi tunaandaa chumba cha upasuaji."

Wakatoka, Warigia akifuta macho kwa ncha ya leso. Watiri alibaki akiutazama mkono wangu ulioshika chuma cha kitanda, kisha jasho la usoni mwangu.

"Baba Nyawira," alisema polepole, "msichana wangu nilimpa mzee wa kuishi naye. Heshima niko nayo ya kutosha huko nyumbani."

Akainuka, akanipa mgongo, akaenda kusimama dirishani akiuelekea mlima usioonekana. Akaanza wimbo wa kanisani, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Katika ubeti wa pili, nilijibu ndiyo.

Ilichukua muda. Aliimba beti zote, akarudia ule wa kwanza.

"Huo ukungu unaisha," alisema, bado akiwa amenipa mgongo.

Ulikuwa mzito kuliko asubuhi. "Naona, Mama."

Jioni ile, badala ya kisu, nililetewa kijiko cha maji vuguvugu. Nikafumba macho nikayasindikiza: umio, ziwa, kona baada ya kona. Vinyweleo vilikuwa vimesimama, vikipepea taratibu, kama shamba zima linalomsikiliza mgeni akipita.

Huko Othaya, Watiri amewaambia wanawake wa kanisa lake kwamba Mungu aliuamsha utumbo wa mkwe wake kwa wimbo. Wamekuja kuniuliza, mimi nisiyeingia kanisani ila kwa mazishi. Nawajibu kwamba bila ule wimbo ningekuwa nimekufa.