Kupita Uwanjani kwa Watu

Sijawahi kumwelewa mtu mzima anayevaa buti Januari, baridi inang'ata masikio, akatembea porini halafu haendi popote. Kwetu Machame ukimwona mtu njiani, anakwenda sokoni, kanisani au msibani. Lakini Makena aliniomba, na Makena haombi ovyo. Ni muuguzi, Mmeru wa Kenya, tumejuana tangu tulipokuwa tukisafisha ofisi moja Croydon, hapa London. Na siku hiyo ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho na Biskuti.

Biskuti ni mbwa. Alikuwa wa bibi mmoja Mwingereza, jirani yake Makena pale Tooting. Bibi alipohamia nyumba ya wazee, ambako mbwa hawapokelewi, Makena akamchukua, eti kwa wiki moja. Wiki ikawa mwaka. Sasa mwenye nyumba amegundua, na amesema ikifika Jumatatu asimkute. Marafiki wote tunaishi vyumba vya kupanga kama yeye, hakuna wa kumpokea. Kilichobaki ni kumpeleka kule wanakotunzwa mbwa wasio na wenyewe, na Biskuti kazeeka, mdomo wote umejaa mvi. Nani atamchagua huyo, na vijana wapo?

Mbwa kwangu mimi ni wa nje, analinda nyumba, basi. Huyu analala kwenye kochi na ana koti lake la mvua. Nilikuwa nikimcheka Makena bila huruma. Lakini kwenye treni nilimwona amemweka miguuni, anamsugua masikio, nikafunga mdomo wangu.

Tuliteremka kwenye kituo kidogo, mbele kidogo ya Croydon, tukapanda kilima. Matope yameganda, majani meupe kwa umande uliogeuka barafu, jua limetoka. Sitasema uongo, palikuwa pazuri. Na watu wanasalimia jamani! London unakaa na mtu ukuta kwa ukuta hakutazami, huku porini kila mwenye mbwa anakuuliza habari za asubuhi. Nikamwambia Makena kumbe huku ndiko walikoificha adabu yao. Akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ndipo njia ikatufikisha kwenye geti la shamba. Kibao kinaonyesha kwamba njia inakatiza humo humo, katikati ya uwanja wa mtu. Banda la kuku hili hapa, nguo zimeanikwa, dirisha la jikoni hilo. Makena akafungua geti akapita. Mimi nikasimama.

Akanieleza kwamba ni njia ya watu wote, ndiyo sheria ya huku, hata mwenye shamba hawezi kuzuia. Sheria sikatai. Lakini mimi nimelelewa. Nipite uwanjani kwa watu, chini ya dirisha lao, kimya kimya kama mwizi wa kuku? Siwezi. Makena akasema nitamtia aibu, watatuitia polisi. Nikamwambia waite. Nikaenda nikagonga mlango.

Akatoka mzee mrefu, sweta limetoboka viwiko, anatutazama kwa wasiwasi. Akauliza kama tumepotea. Nikasema hapana. Kuna aliyeumia? Hapana. Sasa tunataka nini? Nikamwambia hatutaki kitu, tunapita uwanjani kwake tukaona si vizuri kupita bila kumsalimia. Alinitazama juu mpaka chini, nikaanza kuwaza kwamba Makena alisema kweli. Kisha akasema watu wanapita pale kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugonga. Akatukaribisha chai.

Jina lake Alan. Jikoni mlikuwa na jiko kubwa la chuma, joto lake linakupokea mlangoni. Biskuti hakungoja kuambiwa. Alinusa sakafu, akaenda moja kwa moja mbele ya jiko, akajitupa juu ya blanketi lililokunjwa pale. Makena akaruka kumtoa. Mzee akasema amwache. Blanketi lilikuwa la mbwa wake, amekufa mwezi wa kumi, na yeye hajapata moyo wa kuliondoa. Alitamani mwingine, ila mbwa mdogo hataki, kwa umri wake atakuja kumwacha yatima.

Nikamtazama Makena, Makena akatazama kikombe. Nilijua kwa nini hasemi. Alikuwa anaogopa kuambiwa hapana, na anaogopa zaidi kuambiwa ndiyo. Basi nikasema mimi. Nilimweleza mzee yote, mpaka hiyo Jumatatu.

Mzee akainama, akamkuna Biskuti kichwani. Akasema kama Makena ataridhia, abaki.

"Subiri kwanza," nikasema. "Kwetu binti hatolewi hivi hivi."

Nikawa msemaji wa ukoo wa binti. Nikamuuliza atalala wapi, atakula nini, akiugua nani atampeleka kwa daktari. Mzee alidhani ni utani. Alipoona si utani akavuta kiti, akakaa vizuri, akajibu moja baada ya jingine. Mwisho nikauliza watu wa upande wa binti wanaruhusiwa kuja kumwona lini.

"Jumamosi yoyote," akasema. "Na msigonge. Pitieni huku jikoni."

Sasa ilikuwa zamu ya mwenye mbwa, na sikuweza kumsaidia.

"Fataki zikilia anatetemeka," Makena akasema taratibu. "Umshike tu. Usimwambie kitu, mshike."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Tulipoondoka, Biskuti alitusindikiza hadi getini, akatingisha mkia, kisha akageuka, akarudi zake kwenye joto. Hata hakuangalia nyuma. Nilimshika Makena mkono, nikijua sasa ndipo atakapovunjika. Hakuvunjika. Alivuta pumzi ndefu, akasema wiki nzima hajalala, leo atalala.

Aliyelia ni mimi. Nililia kwa kwikwi, katikati ya njia, watu wanapita na mbwa wao wananiuliza kama niko salama. Makena alinipangusa uso kwa glavu yake, akaniuliza kama nataka turudi nikamuage vizuri.

Nikasema ndiyo.